Kabla Hujanunua Mota, Chagua Grafu

Majuzi mwalimu kijana wa uhandisi wa udhibiti, yaani fani ya kuifanya mitambo ijiongoze yenyewe, aliniandikia ujumbe mrefu. “Shikamoo mwalimu,” alianza, kisha akanitajia vifaa anavyotaka kuviunda mwenyewe ndani ya muhula mmoja: pendulo iliyopinduliwa (fimbo inayosimamishwa wima juu ya kigari kinachoendeshwa na mota), mpira juu ya boriti, matangi mawili ya maji, na droni ndogo iliyofungwa kwenye fimbo. Bajeti hana, wanafunzi anao tele. Swali lake lilikuwa moja: anunue mota ya aina gani?

Nilimjibu asinunue mota yoyote. Aanze na kihita, kifaa kidogo cha kupasha joto. Nadhani hakufurahi, maana alirudisha neno moja tu: “Sawa.” Ndiyo maana nimeamua kuyasema yote hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mnataka maabara yenye kitu kinachosimama chenyewe wima, wageni wakiingia wapige makofi. Nami nilikuwa hivyo.

Mimi nilisomea udhibiti mahali palipokuwa na mtambo mmoja tu wa kufundishia, wa kununuliwa, wa bei ya kutisha. Mwenye ruhusa ya kuugusa alikuwa fundi wa maabara. Sisi tuliuzunguka, wa nyuma wakichungulia juu ya mabega ya wa mbele, tukanakili grafu aliyotupa, tukaenda kuandika ripoti. Mtihani nilifaulu, tena vizuri. Lakini nilihitimu bila kuwahi kubadilisha hata namba moja ya kidhibiti kwa mkono wangu nikaona kitu kikitikisika kwa sababu yangu. Hilo liliniuma, na sitajifanya kwamba limepoa. Siku nilipopewa darasa langu niliazimia kwamba hakuna mwanafunzi wangu atakayesoma PID kwa kuchungulia. PID ni kidhibiti chenye sehemu tatu: P hutazama kosa la sasa, I hujumlisha kosa lililojikusanya, na D hutazama kasi ambayo kosa linabadilika.

Kifaa kilichonipa jina ni hicho kihita, kidogo kiasi cha kuenea kiganjani. Rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 5, ndiyo inayopasha, imebanwa kwenye kipande cha aluminiamu. Kihisi cha joto LM35 kimegandishwa kando yake. Transista moja ya kuwasha na kuzima, na bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo inayosoma kihisi na kuamua. Ukiipa rezista hiyo volti 5, inatoa wati 2.5, nusu ya uwezo wake, kwa hiyo haiungui hata ikisahauliwa mchana kutwa. Basi.

Nilipokipeleka kwenye kikao, mkubwa mmoja alikiinua kwa vidole viwili akauliza kama nimeleta mradi wa mwanangu. Watu wakacheka. Nami nikatabasamu, maana ungefanyaje? Leo hii kuna madarasa yanayofundishwa kwa nakala za kifaa kilekile, na wahitimu wangu wananiandikia kwamba kazini ndio wanaoitwa tanuri linapogoma kutulia. Sisemi haya kwa kujigamba. Au niseme ukweli, kidogo najigamba.

Sasa kwa nini kihita? Kwa sababu kabla ya kuchagua kifaa unatakiwa ujue ni grafu gani unataka mwanafunzi aichore. Nikitaka aone mfumo wa daraja la kwanza, nahitaji mkunjo unaopanda taratibu na kulala, ambao ataweka rula na kusoma muda uliochukua kufika asilimia 63 ya safari. Kihita kinampa mkunjo huo bila ubishi, tena polepole kiasi kwamba anapata nafasi ya kufikiri wakati jaribio bado linaendelea. Wahandisi John Ziegler na Nathaniel Nichols walipochapisha kanuni zao za kurekebisha vidhibiti mwaka 1942, njia mojawapo ilianzia kwenye mkunjo wa namna hiyo: uchokoze mfumo mara moja, tazama unavyoitikia, kisha kokotoa. Mwanafunzi anaweza kuifanya kazi ile yote mezani pake kwa kipindi kimoja.

Na uduni wa kifaa ndio somo lenyewe. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Uno hugawa volti zake 5 katika hatua 1024, yaani karibu milivolti 4.9 kwa hatua. Maana yake kompyuta inaliona joto likiruka kwa nusu nyuzi. Ukipima kila baada ya sekunde 0.1, mruko mmoja wa namna hiyo unaonekana kwa sehemu ya D kama joto linalopanda nyuzi 5 kwa sekunde, ilhali chuma hakijasogea. Kihita kinaanza kuwashwa na kuzimwa kama kimepandwa na shetani. Mwache mwanafunzi ahangaike hapo. Usimwokoe haraka. Baadaye mwonyeshe kwamba bodi ina volteji rejea ya ndani ya volti 1.1, yaani inaweza kuzigawa volti 1.1 badala ya 5 katika zile hatua 1024, na kwamba akiitumia, kila hatua inashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kisha muulize kwa nini anapima mara kumi kwa sekunde kitu kinachochukua dakika kupanda. Nimeona nyuso zikibadilika palepale. Vitabu huifundisha D kwa mstari mmoja wa kalkulasi. Kelele yake huijui mpaka ikusumbue.

Kuna zawadi nyingine humo. Kihita hupasha, hakipozi. Mwanafunzi akiweka lengo la juu sana, sehemu ya I inaendelea kujumlisha kosa wakati kihita kimeshafika mwisho wa nguvu zake. Lengo likishushwa, joto halishuki mpaka lile deni lote la I lilipwe. Tatizo hili liko kwenye viwanda vya kweli, na hapa analipata bila kiwanda.

Mambo madogo ya kuunda, niyapitie upesi. Rezista ile hula nusu ampea, na hicho ndicho kiwango chote ambacho tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa, kwa hiyo kipe kihita chanzo chake cha umeme na uunganishe ardhi (upande hasi) za pande zote mbili. Transista iwe MOSFET inayofunguka sawasawa kwa volti 5, mfano IRLZ44N. Ile herufi L usiipuuze dukani, maana ndugu zake wasio na L huhitaji volti zaidi na hubaki nusu wazi wakichemka. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka geti, mguu wa transista unaopokea amri, kwenda ardhini ili kihita kibaki kimezimwa wakati bodi inaamka. Programu ikate umeme joto likipita nyuzi 70. Na lehemu viungo vyako, usiache kifaa cha darasa kwenye bredibodi, ule ubao wa kuchomeka waya bila kulehemu.

Mota inakuja ya pili, nayo ina grafu yake: kasi dhidi ya volteji. Mwanafunzi ategemee mstari ulionyooka kutoka sifuri, kisha akute mota haigeuki kabisa mpaka amri ipande kiasi fulani. Huo ni msuguano, na hakuna fomula ya ubaoni iliyokuwa imemwandaa. Wengi hutumia bodi ya kuendeshea mota ya L298N kwa sababu iko kila mahali. Itumie tu, ila jua kwamba hula karibu volti 2 au zaidi njiani, kwa hiyo mota ya volti 6 iliyopewa betri ya volti 6 itakuwa mvivu na utailaumu bure. Jambo la pili: usitumie amri ya delay, inayoisimamisha programu kwa muda, kupanga muda wa kupima. Kidhibiti ambacho leo kinapima kila milisekunde 10 na kesho 14 si kidhibiti kilekile, hata kama namba zake hazijaguswa.

Hapa niwe mkali kidogo, mnisamehe. Tuna ugonjwa wa kuunda kitu kimoja kikubwa cha kuonyesha. Picha inapigwa, hotuba inatolewa, kisha kitu kinafungiwa kabatini na ufunguo unakaa kwa mtu mmoja. Tofauti yake na ule mtambo niliochungulia mimi ni ipi? Unda vidogo vingi, vinavyofanana, kimoja kwa wanafunzi wawili. Wakiwa watatu, mmoja anakuwa mtazamaji, nawahakikishia. Acha waya zionekane. Mwache mtoto wa watu aunguze kihisi, kwa sababu kihisi ni kidogo na anachokipata ni kikubwa. Mwalimu anayeogopa kifaa kisiharibike amekwisha kuamua kwamba kifaa kina thamani kuliko darasa, na hilo nalisema nikijua litawakera baadhi yenu.

Programu za kuchorea zisikusumbue. GNU Octave, Scilab na Python ni za bure na zinatosha kwa kila nilichokitaja.

Na pendulo? Itafika zamu yake. Mhandisi Nicolas Minorsky alipoandika mwaka 1922 juu ya kuziongoza meli kwa mashine, alianza kwa kuwatazama mabaharia wanavyoshika usukani: wanatazama kosa la sasa, lililojikusanya, na linakokwenda. Mwanafunzi aliyecheza na kihita na mota ameshayaona hayo matatu kwa macho yake. Huyo mpe kigari, fimbo na enkoda ya pembe, kihisi kinachopima fimbo imeinama kiasi gani. Kwanza mwache aining'inize fimbo ikielekea chini, aisukume, apime muda wa kila mbembeo na jinsi unavyofifia, mpaka modeli yake kwenye kompyuta ilingane na fimbo halisi. Kuisimamisha wima ni kazi ya wiki inayofuata, na aanze kwa kuishika fimbo kwa mkono, kidole kikiwa karibu na swichi ya kuzimia mota.