Maswali ya Wasomaji: GTX 1050 Ti au RX 570? Fungua Kasha Kwanza

SWALI: Ndugu wataalamu, hongereni kwa kazi. Nina kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex 7010 ya kasha la wima, prosesa i5-3470, ramu GB 8, monita ya 1080p. Nimepata kadi mbili za grafiki zilizotumika, GTX 1050 Ti ya GB 4 na RX 570 ya GB 4, na bei zake zimepishana kidogo tu. Nacheza EA Sports FC 24, GTA V na Counter-Strike 2. Jirani yangu anasema zote ni zilezile, maana FC 24 yenyewe inazitaja pamoja. Nichukue ipi?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Jirani yako amesoma sawasawa, ila amehitimisha vibaya. Ni kweli masharti ya chini ya FC 24 yanazitaja kadi hizo bega kwa bega. Orodha ya namna hiyo inakuahidi kwamba gemu itafunguka na kuchezeka, basi. Haikuambii kwamba kadi zinalingana nguvu.

Na hazilingani. GTX 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016 kwa dola 139. Ina viini 768, na memori yake inapita kwenye njia ya biti 128, sawa na GB 112 kwa sekunde. RX 570 ilifuata Aprili 2017 kwa dola 169, ikiwa na viini 2,048, njia ya biti 256 na GB 224 kwa sekunde. Idadi ya viini usiilinganishe moja kwa moja, kwa sababu NVIDIA na AMD hawavijengi kwa namna moja. Upana wa memori ndio wa kuutazama: ni mara mbili kamili. Katika gemu nyingi za 1080p, RX 570 huizidi mwenzake kwa theluthi hadi nusu. Pale ambapo 1050 Ti inatoa fremu 40 kwa sekunde, tegemea 55 hivi.

Kwa hiyo ni RX 570? Kwa kompyuta yako ilivyo sasa, hapana.

Fungua kasha usome kibandiko cha pawa saplai. OptiPlex 7010 ya wima huja na pawa saplai ya wati 275. Sasa piga hesabu: prosesa yako wati 77, RX 570 wati 150, na mazabodi, diski, ramu na feni tuseme 45. Umefika 272. Pawa saplai iliyofanya kazi ofisini miaka kumi na ushei haitakiwi kusukumwa hadi ukingoni namna hiyo. Kadi ikivuta kwa ghafla, kompyuta inazima yenyewe katikati ya mechi. Kuna na jambo la pili, baya zaidi: pawa saplai hiyo haina plagi ya pini 6 wala ya pini 8 ya kulishia kadi, na RX 570 nyingi zinataka pini 8.

Hapo ndipo fundi wa haraka anapokuletea waya wa kugeuza plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, iwe pini 8. Ukatae. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imepimwa kubeba ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 8 ya kadi imeundwa kupitisha hadi wati 150. Plastiki ya SATA inayeyuka taratibu, na harufu unaisikia wakati kazi imeshaharibika.

GTX 1050 Ti inatumia wati 75, kiasi ambacho sloti ya PCI Express yenyewe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, inaruhusiwa kutoa. Matoleo mengi hayana plagi ya umeme kabisa: unachomeka, unafunga skrubu, unawasha. Machache yaliyoongezwa kasi kiwandani yana pini 6, kwa hiyo tazama ukingo wa juu wa kadi kabla hujalipa.

Msimamo wetu ni huu. Kama fedha yako inaishia kwenye kadi, chukua 1050 Ti. Kama unaweza kuongeza pawa saplai mpya ya wati 450 ya kampuni inayoeleweka, yenye alama ya 80 Plus, ile ya kuthibitisha haipotezi umeme mwingi, chukua RX 570 na hutajuta. Bahati yako 7010 ya wima inatumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi, kwa hiyo pawa saplai ya dukani inaingia bila ufundi. Mwenye OptiPlex 9020 au 7020 hana bahati hiyo. Mazabodi yake ina plagi ya Dell ya pini 8, na atahitaji waya wa kugeuza 24 kwenda 8. HP EliteDesk 800 G1 nayo ina plagi yake ya pini 6. Pima pia urefu, kwa kuwa RX 570 yenye feni mbili mara nyingi hufika sentimita 24 na inaweza kugonga kizimba cha diski.

Kwa wenye makasha membamba ya kulala, mjadala haupo. RX 570 fupi ya kuingia humo hamtaipata. MSI na Gigabyte walitengeneza 1050 Ti fupi, lakini bado ni nene na inakula nafasi ya sloti mbili.

Kadi yoyote utakayochukua, tazama ramu. Kama GB 8 zako ni kipande kimoja, tafuta viwili vya GB 4, au ongeza kingine cha 8, ili vipande viwili vifanye kazi sambamba (dual channel). i5-3470 ina viini vinne na nyuzi nne tu, na kwenye Counter-Strike 2 prosesa hiyo ndiyo itakayokwama kabla ya RX 570 kuchoka. Gemu ikikatakata huku kadi inaonyesha matumizi ya asilimia 60, usiilaumu kadi.

Kabla ya kufunga, ulizia pia GTX 1650. Ni ya mwaka 2019, viini 896, wati 75, na matoleo mengi hayana plagi. Iko juu ya 1050 Ti na chini kidogo ya RX 570. Ikikaribiana bei na 1050 Ti, hakuna la kufikiria. Ila ukishauriwa RX 6400 kwa kuwa ni mpya na inakula wati 53, kumbuka inatumia njia nne tu za PCI Express wakati 1050 Ti na RX 570 zinatumia 16. Kwenye mazabodi ya umri wa yako, ufinyu huo unauma.

---

SWALI: Nimenunua GTX 1050 Ti kwa bei ya kutupa. Windows inaitambua kwa jina hilo na GB 4, lakini nikiweka draiva ya NVIDIA skrini inakuwa nyeusi. Niliifurahia kwa kuwa ina tundu la VGA na monita yangu ni ya zamani. Shida ni nini?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Pole. Tundu hilo la VGA ndilo linaloifichua kadi yako kuwa bandia. Kizazi cha chipu za NVIDIA kiitwacho Pascal, ambamo 1050 Ti imo, hakitoi picha ya analogi, ile inayotumiwa na VGA. 1050 Ti ya kawaida ina HDMI, DisplayPort na DVI ya kidijitali.

Inaelekea umeuziwa GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya 2011 iliyobadilishwa BIOS, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya kadi, ili ijitambulishe kwa jina la kadi nyingine. Windows husoma jina lililoandikwa humo na kuliamini. Draiva ya 1050 Ti inapojaribu kuzungumza na chipu ya kweli haielewani nayo, ndiyo maana skrini inazima au unapata kosa namba 43.

Pakua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, ni ya bure. Toleo la 2.12 na yaliyofuata huandika FAKE mbele ya jina la kadi za namna hiyo. Kadi halisi isomeke chipu GP107, nanomita 14, viini 768, biti 128. Ukiona viini 192 na nanomita 40, rudisha mzigo leo. Mwenye shaka zaidi afungue hitsinki, bamba la kupozea chipu: chipu halisi imechorwa GP107-400.

Na ukipata ya kweli, monita yako haijafa. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani. Waya mtupu usio na chipu hautoi picha.

Mtego mwingine wa hukohuko: GTX 1050 bila neno Ti. Hiyo nyingi ni GB 2 na viini 640, na kwa gemu za leo GB 2 ni kifungo.

---

SWALI: RX 570 yangu ilitoka kwenye machimbo ya sarafu za mtandao. Inafungua Windows vizuri, lakini nikicheza dakika tano hadi kumi picha inapotea na feni zinapiga kelele. Pawa saplai ni mpya, wati 500. Niitupe?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Usiitupe bado. Kadi za aina hii zilitumika sana kuchimba sarafu ya Ethereum. Zile za GB 4 zilianza kuachwa mwishoni mwa 2020, faili la kazi lilipozidi memori yake, na Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa uchimbaji. Kwa hiyo nyingi zilizopo sokoni zina historia kama ya yako. Kuchimba kwenyewe hakuui chipu. Kinachosumbua ni BIOS iliyochezewa, pesti ya joto iliyokauka, na feni zilizozunguka usiku na mchana.

Anza na BIOS. Baadhi ya kadi, Sapphire Nitro+ kwa mfano, zina swichi ndogo ukingoni. Zima kompyuta, isogeze upande wa pili, uwashe. Wachimbaji wengi walibadilisha upande mmoja tu. Kama haina swichi, fungua GPU-Z usome kasi. Memori ya kiwandani kwenye RX 570 kwa kawaida ni MHz 1,750 na chipu MHz 1,244 au zaidi kidogo. Ukikuta memori 2,000 na chipu 1,100, hiyo ni BIOS ya mchimbaji: volti imeshushwa kwa ajili ya mwendo wa polepole, na gemu inapodai zaidi, kadi inaanguka.

Hifadhi nakala ya BIOS iliyopo kwa kutumia GPU-Z. Kisha tafuta ya kiwandani ya toleo lako hasa: kampuni ileile, GB zilezile, na watengenezaji wa memori walewale, iwe Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu mipangilio ya muda wa memori (timings) ya Hynix haiifai Elpida. Iandike kwa amdvbflash, programu ya kuandikia BIOS za kadi za AMD, na umeme usikatike katikati. Ukikosea na kadi ikakosa picha, chomeka monita kwenye grafiki ya mazabodi na urudishe nakala yako. Kwa hiyo hakikisha mapema kwamba prosesa yako ina grafiki ya ndani na kwamba imewashwa.

BIOS ikiwa safi na tatizo likabaki, fungua hitsinki. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya dengu kubwa, na kagua vipande laini vilivyo juu ya memori. Vikichanika, weka vya unene uleule. Ukiweka vinene zaidi, hitsinki haitakaa barabara juu ya chipu na joto litapanda badala ya kushuka. Kisha ingia kwenye programu ya Radeon, shusha volti ya hatua ya juu kwa milivolti 25 kila mara, ukijaribu gemu kwa nusu saa baada ya kila hatua. Nyingi huanza karibu na 1,150 na hutulia kwenye 1,050 bila kupoteza fremu.

Lakini ukiona mistari ya rangi au vidoti tangu kompyuta inapowaka, kabla hata ya Windows, memori au chipu imeumia. Hapo ndipo uitupe. Na yule anayekushauri uioke kwenye oveni, mwachie oveni yake apikie keki.

Kwa anayetaka kununua: omba FurMark, programu ya kuijaribu kadi kwa mzigo mzito, iendeshwe dakika kumi mbele ya macho yako, ukiangalia joto na kusikiliza feni. Muuzaji akisema hana muda, nawe huna fedha. Epuka kulipia jina pia: RX 580 iliyoandikwa 2048SP, iliyotengenezwa kwa soko la China, ina viini 2,048 vilevile vya RX 570.

---

SWALI: Tofauti ya umeme kati ya GTX 1050 Ti na RX 570 itanila kiasi gani cha LUKU? Natumia UPS ya VA 650.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Tofauti ni wati 75 hivi wakati wa kucheza. Saa nne kila siku kwa siku 30 ni yuniti 9 kwa mwezi. Kuhusu UPS, nyingi za VA 650 zinabeba wati 360 hadi 390. Zitamudu kompyuta yenye RX 570 na monita, lakini kwa dakika chache tu: hifadhi gemu uzime, usimalizie mechi.

---

SWALI: Kati ya GTX 1050 Ti na RX 570, ipi itaachwa na draiva kwanza?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Zote zimeshasogezwa pembeni. NVIDIA ilifunga draiva za gemu za kizazi cha 1050 Ti Oktoba 2025, na imeahidi marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. AMD iliitenga familia ya RX 570 na kadi mpya tangu 2023, na masasisho yake huja kwa kusuasua. Kwenye Linux RX 570 ina nafuu, kwa kuwa draiva yake ya wazi imo ndani ya mfumo wenyewe.

Kwa anayerekodi au kurusha gemu mubashara, 1050 Ti inatoa video safi zaidi kwa ukubwa uleule wa faili. Na gemu zinazolazimisha kadi ikokotoe miale ya mwanga (ray tracing), kama Indiana Jones and the Great Circle au Doom: The Dark Ages, kadi zote mbili haziziwezi, hata ukishusha mipangilio hadi mwisho.