Uniti Kwanza, Kilomita Baadaye: Kwa Wanaoanza Kupima Magari Madogo ya Umeme Tanga

Mara ya kwanza nilipofanya tathmini ya gari la umeme nilikosea kabla sijatoka Chumbageni. Gari lilikuwa Nissan Leaf la kizazi cha kwanza, lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, na asubuhi ile dashibodi yake ilionyesha kwamba umeme uliokuwamo ungetosha kilomita 128. Niliiandika namba hiyo daftarini kana kwamba ni idadi ya milango, nikaelekea Muheza kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa chote, na nilipofika huko, safari isiyozidi kilomita 40, dashibodi ilisema zimebaki 51. Nilirudi Tanga nikijikongoja nyuma ya lori lililobeba mkonge, madirisha wazi, shati limelowa.

Namba ile haikuwa uongo, wala gari halikuwa bovu. Kompyuta ya gari hukisia umbali uliobaki kwa kuangalia jinsi lilivyoendeshwa muda mfupi uliopita, na aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa akilizungusha taratibu kati ya Ngamiani na Raskazoni. Mimi nilisoma mwenendo wa dereva mwingine, nikadhani nimesoma uwezo wa betri.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba ninyi mnaoingia katika kazi hii ni kuacha kupima kilomita na kuanza kupima uniti. Betri ya gari la umeme huelezwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo ileile uniti moja unayoinunua kwa LUKU, jambo linaloturahisishia kazi, kwa kuwa hapa kila mwenye nyumba anajua uniti 10 humaliza siku ngapi. Ukishajua gari linakula uniti ngapi kwa kila kilomita 100 katika hali fulani, na betri yake bado inabeba uniti ngapi, kilomita utazipata kwa kugawanya. Ukianza na kilomita peke yake, huna njia ya kurudi nyuma na kujua zilitokana na nini.

Wengi wanaoanza hunakili namba ya kiwandani na kuishia hapo. Leaf ya kwanza yenye betri ya kilowati-saa 24 ilitajwa kwenda kilomita 200 kwa kipimo cha Japani kiitwacho JC08, kilomita 175 kwa kipimo cha Ulaya cha wakati ule, NEDC, na maili 73, yaani kilomita 117 hivi, kwa kipimo cha EPA, shirika la mazingira la Marekani. Gari ni moja na betri ni moja. Kilichobadilika ni zoezi, yaani mwendo na masharti ambayo gari hupewa linapopimwa. NEDC ilikuwa na wastani wa mwendo wa kilomita 33 na ushei kwa saa, ilhali WLTP, iliyoanza kuchukua nafasi yake mwaka 2017, ina wastani wa 46.5 na kwa muda mfupi hufika 131, yote ndani ya maabara yenye joto la nyuzi 23. Wamarekani kwa kawaida huchukua matokeo ya maabara wakayazidisha kwa 0.7 ili yakaribiane na barabara. China ina zoezi lake, CLTC, lenye wastani wa kilomita 29 hivi kwa saa, na ndilo linaloipa BYD Seagull, gari dogo la Kichina lenye betri ya kilowati-saa 38.88, umbali wa kilomita 405. Gawanya mwenyewe utaona kwamba hapo gari linadaiwa kula uniti 9.6 tu kwa kilomita 100, kiasi ambacho sitarajii kukiona katika barabara ya kutoka Kange kwenda Segera. Namba hizi hazifai kutupwa, kwa sababu zinalinganisha gari na gari kwa usawa. Ila usilinganishe namba ya CLTC na ya WLTP, kwa maana huko ni kupima kitambaa kimoja kwa pima na kingine kwa mita.

Wapimaji wazuri wa nje wamekwepa tatizo hili kwa kutoka nje ya maabara. Chama cha magari cha Norway, NAF, huyatoa magari mengi siku moja na njia moja, mara moja wakati wa baridi na mara moja wakati wa kiangazi, na kuyaendesha hadi yazimike. Mnorway mwingine anayejulikana sana, Bjørn Nyland, hupima kila gari kwa mwendo wa kilomita 90 na wa 120 kwa saa, akisoma mwendo kwa GPS. (Buti nalo hulipima kwa maboksi ya ndizi, nani atatuanzishia kipimo cha magunia ya machungwa ya Muheza?) Kinachowapa thamani ni kwamba wanatamka masharti ya jaribio na hawayabadilishi gari likibadilika, wala lisipowapendeza.

Masharti yetu lakini hayawezi kuwa yao. Baridi inayokata umbali wa magari ya Norway hatuijui. Sisi tuna joto, upepo na matuta. Mimi hutumia barabara ya Horohoro, natoka asubuhi kabla magari hayajawa mengi, nakwenda kilomita 25 na kurudi kwa njia ileile ili miinuko na miteremko ifidiane. Mwendo nausoma kwa GPS ya simu, kwa kuwa spidomita nyingi hutengenezwa zizidishe kidogo, na upepo wa matairi naujaza yakiwa bado baridi kabla ya kuondoka. Wakati wa kusi gari huenda kaskazini likisukumwa na kurudi likisukumiwa usoni, na msidhani mambo hayo mawili yanafutana. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo unachopoteza kwa upepo wa mbele ni kikubwa kuliko unachopata kwa upepo wa nyuma. Siku ya upepo mkali ama narudi nyumbani, ama naandika kwamba palikuwa na upepo.

Mraba huohuo ndio unaofanya mwendo kuwa sharti la kwanza kuandikwa. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 100, ukinzani wa hewa huongezeka karibu mara 2.8. Katika gari moja niliwahi kupata uniti 12 kwa kilomita 100 nikienda 60, na uniti 18 nikikaribia 95, siku moja, dereva mmoja. Anayeandika kwamba gari hili linakula uniti 15 bila kutaja mwendo hajaandika kitu.

Kiyoyozi nacho kinahitaji maelezo, maana watu hukilaumu mahali pasipo pake. Chukulia kwamba katika joto la kaskazi kiyoyozi cha gari dogo kinavuta kilowati moja mfululizo. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kinakugharimu uniti 1.25 kwa kila kilomita 100, kitu kidogo. Ukitambaa mjini kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa, umbali uleule unakugharimu uniti 4, kwa sababu unakaa ndani muda mrefu zaidi. Kwa hiyo pima mjini mara mbili, kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa, na usimwambie dereva wa teksi alichokiona dereva wa safari ndefu.

Sasa betri yenyewe, ambako makosa huumiza mifuko ya watu. Gari nyingi tunazozipima zimetumika, na Leaf hazikuwekewa mfumo wa kupoza betri kwa maji, hivyo joto huizeesha betri mapema. Dashibodi yake ina vijisehemu 12 vya afya ya betri, na wauzaji hupenda kusema kwamba vyote vimo. Lakini kijisehemu cha kwanza hutoweka baada ya uwezo kupungua kwa takriban asilimia 15, hivyo gari lenye vyote 12 linaweza kuwa limekwisha kupoteza zaidi ya kumi kati ya mia. Kuna kifaa cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma hali ya betri kupitia simu, na ni vizuri kuwa nacho, lakini nacho husoma makisio ya gari lenyewe. Mimi huamini kimita cha soketi, kinachohesabu uniti zinazopita kwenda kwenye chaja. Ninaendesha hadi ibaki asilimia 10, nachaji usiku hadi 100, kisha nasoma. Kikisema uniti 18.5, natoa asilimia 12 hivi inayopotea njiani kwa joto la chaja na betri, inabaki karibu 16.3, hizo ni sehemu 90 kati ya 100, kwa hiyo betri nzima inabeba uniti 18. Ni makisio, ila ni makisio ambayo msomaji anaweza kuyarudia kwake. Andika pia saa za kuchaji, na ukumbuke kwamba umeme ukishuka jioni hadi volti 200, chaja ya ampea 10 inapata kilowati 2 badala ya 2.3.

Kuhusu nguvu nitakuwa mfupi. Majarida hupenda sekunde za kutoka 0 hadi 100, kipimo ambacho kwa gari dogo la umeme hakisemi mengi, kwa kuwa mota hutoa msukumo wake wote tangu magurudumu yanapoanza kuzunguka, kisha hulegea mwendo unapopanda. Jaribu 0 hadi 50, ambako hata Nissan Sakura, gari dogo lenye mota ya kilowati 47, huchomoka bila aibu, halafu jaribu 50 hadi 80, kwa sababu hapo ndipo utakapotaka kulipita lori la saruji baada ya Pongwe. Rudia chaji ikiwa chini ya asilimia 20. Betri ikikaribia kwisha gari hupunguza nguvu lenyewe, na Leaf huwasha taa yenye picha ya kobe; msomaji anastahili kujua kobe huyo atamtembelea lini.

Mlima haukwepeki katika mkoa huu. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei na kimo cha takriban mita 1,000. Gari na abiria wake wakiwa na kilo 1,700, kuuinua mzigo huo peke yake kunahitaji uniti 4.6, kabla hujahesabu matairi, hewa na upotevu wa mota. Kwa hesabu yangu jumla hukaribia uniti 7 au 8. Wakati wa kushuka, breki za kurudisha umeme hukupa sehemu tu ya deni hilo, na ukiwa umejaza betri Lushoto hazikupi chochote mwanzoni, kwani umeme hauna pa kuingia, na breki za kawaida hubeba mzigo wote. Andika hilo waziwazi, maana ni suala la usalama.

Taja pia aliyekupa gari na kama alikulipia chochote, na jambo ambalo hukulipima usilijaze kwa maneno mazuri.

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyenunua gari nililolipima uniti 18, alinisimamisha sokoni. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akauliza kama litampeleka Muheza na kumrudisha, maana mkewe hataki kusafiri bila kiyoyozi, na kama litamfikisha Korogwe kwa mwanawe. Nilimjibu kwamba kwa uniti 15 kwa kilomita 100, mwendo usiozidi 80, Muheza watakwenda na kurudi wakiwa wamebakiwa na uniti kama 6, na Korogwe watafika, lakini walale huko gari likichajiwa. Akauliza kama mwanawe atamdai pesa ya LUKU. Hilo, nilimwambia, sijalipima.