Kabla ya Kununua Gari, Uliza Injini Imekaa Wapi na Matairi Yapi Yanavuta

Mtu akiniomba ushauri kuhusu gari la kutumia hapa Tanga, humuuliza kwanza atapita nalo wapi na atalipakia nini, kwa kuwa majibu hayo mawili ndiyo yanayoamua injini ikae wapi na nguvu yake iende kwenye matairi yapi.

Somo hilo nililipata wakati wa vuli katika barabara ya Muheza kwenda Amani, nikiwa na gari dogo linalovuta kwa mbele, nyuma nimepakia mifuko minne ya saruji. Penye mwinuko wenye utelezi, matairi ya mbele yalizunguka pale pale yakirusha tope jekundu hadi viooni, huku ya nyuma, yaliyobeba mzigo wote, yakiwa hayana kazi. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka kwa miguu alisimama akaniambia, "Mwanangu, geuza gari, upande kinyumenyume." Nikamtii, na gari likapanda. Mlimani uzito huegemea matairi yaliyo upande wa chini, na nilipogeuza, yaliyokuwa chini ndiyo yale yanayovuta.

Hata hivyo, mpangilio huo wa kuvuta kwa mbele una sifa zake. Mwaka 1959 nchini Uingereza, mhandisi Alec Issigonis aliilaza injini ya gari dogo la Mini kwa upana wa gari, gia boksi ikakaa chini yake, na watu wanne wakapata nafasi ndani ya gari lenye urefu wa mita 3 na kidogo. Gari la namna hiyo halihitaji propela shafti, yaani mhimili mrefu wa kupeleka nguvu ya injini nyuma, ni jepesi, halili mafuta mengi, na uzito wa injini huyakandamiza matairi yanayovuta kwenye lami iliyolowa. Kwa safari za mjini, Ngamiani na Chumbageni, linatosha kabisa. Ila kila mwezi kata usukani hadi mwisho, uchuchumae, uguse mpira unaofunika jointi ya ekseli karibu na tairi. Ukichanika, grisi hutapakaa ndani ya rimu, mchanga wetu wa pwani huingia, na jointi huanza kugonga ka-ka-ka kila unapokata kona. Bei ya mpira ni nafuu kuliko ya ekseli nzima.

Kwa wabeba mizigo, napendelea injini mbele na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, nyuma, kwani kila gunia unaloongeza huyasaidia matairi yanayosukuma. Pikapu tupu, kinyume chake, huserereka nyuma mvua ikinyesha, nami hufunga mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli. Magari yenye injini chini ya viti, kama Hiace, yana nafasi kubwa ya mzigo, lakini kuinua kiti kila ukaguzi huwafanya wengi waahirishe.

Anayepanda Amani kila wiki wakati wa masika anahitaji matairi yote manne yavute. Magari mengi madogo kutoka Japani huuzwa kwa sura ile ile, moja likivuta kwa mawili ya mbele na jingine kwa manne, hivyo usiridhike na nembo ya mlango wa nyuma: inama chini ya gari, utazame kama kuna difu katikati ya matairi ya nyuma.