Lifti ya nguzo mbili kwenye gereji ya nyumbani: je, sakafu yangu itafaa?

SWALI: Nina gereji nyumbani, dari iko mita 3 kutoka sakafuni. Sakafu ni ya zege na aliyenijengea anasema ina unene wa sentimita 10. Nataka kufunga lifti ya nguzo mbili ya kuinulia magari, yenye uwezo wa tani 4. Gari langu zito kabisa halizidi tani 2, kwa hiyo naona sakafu itatosha. Kama haitoshi, naweza kukata sehemu mbili tu chini ya nguzo nikamwaga zege jipya? Na boliti za kugandishwa kwa gundi si imara kuliko zile zinazopanuka ndani ya tundu zikikazwa?

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu yako ya tani 2 imeangalia upande mmoja. Kama kazi ya sakafu ingekuwa kukandamizwa tu, usingekuwa na shida, maana gari hilo hilo linaegeshwa juu yake kila siku. Lakini kwenye lifti ya nguzo mbili gari linakaa juu ya mikono iliyotokeza pembeni mwa nguzo. Mikono ikibeba, kila nguzo inataka kulala kuelekea kwenye gari, na zinazoishikilia isilale ni boliti za upande wa nje. Boliti hizo hazikandamizwi, zinang'olewa.

Chukua gari lako. Kila nguzo inapata tani 1. Tuseme uzito huo uko sentimita 60 kutoka ukingo wa ndani wa bamba la chini la nguzo, na boliti za nje ziko sentimita 40 kutoka ukingo huo huo. Zidisha 1 kwa 60, gawanya kwa 40: boliti za nje zinavutwa juu kwa tani 1 na nusu. Hapo gari limetulia. Ukishusha injini au giaboksi, uzito unahamia upande mmoja. Ukivuta kwa nguvu zako zote mpini mrefu wa spana kulegeza nati iliyoganda kwa kutu, unaitikisa nguzo nzima. Zege likiwa jembamba au dhaifu, boliti haikatiki. Inatoka na kipande cha sakafu chenye umbo la koni.

Kwa hiyo usitegemee maneno ya aliyejenga. Sentimita 10 za kwenye mchoro mara nyingi huwa 8 mahali na 12 mahali pengine, kwa kuwa udongo wa chini haukusawazishwa vizuri. Toboa tundu jembamba hadi upande wa pili, karibu na pale nguzo itakaposimama lakini pasipo pa boliti. Ingiza waya uliopindwa ncha kama ndoano, uvute mpaka ncha ikwame chini ya zege, weka alama kwenye waya usawa wa sakafu, kisha upime. Fanya hivyo pande zote mbili. Huku ukitoboa, sikiliza na utazame: zege zuri linatoa vumbi laini la kijivu na keekee inashuka polepole. Ikizama kama kwenye mchanga, jibu umeshapata: zege ni dhaifu.

Watengenezaji wengi wa lifti za kiwango hiki wanataka zege lisilopungua sentimita 10 kila mahali, lenye nguvu ya megapaskali 21 au zaidi (kipimo cha zege kuhimili kukandamizwa). Kitabu cha lifti yako ndicho chenye neno la mwisho, na kikitaka zaidi ya hapo, fuata hicho. Mimi binafsi kwenye gereji mpya namwambia mwenye nyumba amwage 15 tangu mwanzo, maana tofauti ya gharama ni ndogo ukilinganisha na kuvunja baadaye. Unene wa vigae au lami usiuhesabu. Vigae vinaondolewa chini ya nguzo, na juu ya lami lifti haifungwi kabisa. Pia ulizia kama sakafu ilijengwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya zege. Kama ndiyo, usitoboe hata tundu la kupimia, kwa sababu waya ukikatwa unaachia nguvu kubwa kwa ghafla.

Kukata na kumwaga upya kunakubalika, ila vishimo viwili vidogo vyenye ukubwa wa bamba la nguzo ni kujidanganya. Boliti zitakuwa ukingoni mwa zege jipya, na ukingo ndipo zege hupasuka kwa urahisi. Vitabu vingi vinataka boliti ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye ufa, kiungo au ukingo wowote. Kama utavunja, vunja ukanda mmoja unaopita chini ya nguzo zote mbili na kuzidi nje ya kila nguzo. Shindilia udongo, suka nondo, toboa kingo za sakafu ya zamani na uingize vipande vya nondo ili mpya na kuukuu vishikane, kisha mwaga. Nondo zisikae chini ya boliti moja kwa moja. Panga mapema zitakapopita. Mwagilia maji na usubiri siku 28 kabla ya kufunga boliti. Najua ni muda mrefu kuitazama lifti ikiwa kwenye kreti.

Kuhusu boliti, tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji, na kwa lifti nyingi ni za kupanuka zenye kipenyo cha milimita 19. Za gundi zinaweza kushika vizuri sana, lakini tundu likibaki na vumbi gundi inashika vumbi badala ya zege, na kwa macho hutaona tofauti. Za kupanuka nazo zina masharti yake. Simamisha nguzo, tobolea kwenye matundu ya bamba lenyewe, keekee ikiwa imenyooka. Piga tundu brashi, puliza, rudia. Funga nati hadi ilingane na ncha ya boliti ndipo ugonge kwa nyundo, vinginevyo utaharibu meno. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu mpaka kiwango cha kitabuni. Boliti inayozunguka tu bila kukaza imeshindwa, na kuiongezea nguvu hakuitibu. Nguzo ikiinama kidogo, inyooshe kwa vipande vya chuma chini ya bamba, kabla ya kukaza kwa mara ya mwisho.

Dari ya mita 3 inaondoa lifti zenye daraja la juu linalounganisha nguzo. Nyingi zinapita mita 3 na nusu. Utahitaji ile ambayo kebo na bomba la mafuta vinapita sakafuni chini ya kifuniko, nguzo zake zikiwa chini ya mita 3. Gari la urefu wa mita 1 na nusu utaliinua kwa takriban mita 1.4, si zaidi, kwa hiyo utafanya kazi umeinama au umekaa kwenye kigoda. Pima pia reli za mlango wa gereji na taa, na ukumbuke boneti iliyofunguliwa. Piga rangi mstari kwenye nguzo pale mkono wa lifti unapotakiwa kusimama.

Umeme mwachie fundi umeme: laini ya peke yake yenye kikata umeme chake, kulingana na kibao cha mota.

Kabla ya kuingia chini, inua gari hadi magurudumu yaachane kidogo na sakafu, lisukume mbele na nyuma, kisha tazama bamba la kila nguzo. Endelea kuinua ukisikiliza kufuli za usalama za nguzo: pande zote mbili zilie pamoja, na kama upande mmoja unachelewa, rekebisha kebo. Shusha gari likae kwenye kufuli, si kubebwa na shinikizo la mafuta. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, pima tena ukazo wa kila boliti.

Na kama tundu lako la kupimia litaonyesha chini ya sentimita 10 na huna nia ya kuvunja sakafu, angalia lifti ya nguzo nne. Gari linasimama kwa magurudumu juu ya njia mbili na uzito unashuka karibu wima kwenye pembe nne, hivyo sakafu haivutwi juu namna ile, ingawa nayo ina kiwango chake cha zege kitabuni. Utapoteza urahisi wa kufungua magurudumu, mpaka uongeze jeki ya kukaa katikati ya njia.