Kuhamisha transfoma nje ya priamplifaya ya santuri: kebo gani inafaa?

Ndugu, umeeleza kwamba priamplifaya yako ya santuri (kikuzaji cha awali cha mawimbi dhaifu ya sindano ya santuri) inavuma, kwamba umeamua kuitoa transfoma na kuiweka katika sanduku lake, na kwamba unataka kujua kebo ya kuunganisha masanduku hayo mawili iwe na unene gani. Kazi hiyo niliifanya mara mbili kwenye chombo kimoja, mara ya kwanza kwa makosa, na kwa uzoefu huo nakuomba uweke kando swali la unene kwa muda. Tangulia kuamua ni umeme wa namna gani utakaopita ndani ya kebo hiyo.

Mara ya kwanza nilitoa transfoma peke yake, nikaacha ndani daiodi (zinazogeuza AC kuwa DC) na kapasita zote (zinazohifadhi chaji na kuutuliza umeme huo), kisha nikapitisha AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo, kwa nyaya tatu za kawaida, zisizosokotwa, zenye urefu wa mita tatu. Mvumo mzito wa hezi 50 ulitoweka, lakini mahali pake pakaja mkwaruzo mkali wa hezi 100. Sababu yake niliielewa baadaye. Daiodi hazipitishi umeme muda wote. Hufunguka kwa kitambo kifupi tu wimbi linapofika kileleni, na katika kitambo hicho kapasita huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa wastani. Mapigo hayo yalikuwa yakisafiri ndani ya nyaya zangu zilizotawanyika na kuingia hadi kwenye sifuri ya saketi, yaani njia ya rejea ambayo mawimbi yote ya sauti hupimwa kwayo. Kumbuka kwamba sindano ya sumaku inayotembea (aina ya kichwa cha kusomea santuri) hutoa takriban milivolti 5 tu, na kwamba mkunjo wa RIAA, yaani kanuni ya kurudisha sauti nzito zilizopunguzwa wakati wa kurekodi santuri, huilazimu priamplifaya kukuza hezi 50 karibu mara saba zaidi ya inavyokuza hezi 1,000. Kwa hiyo uchafu mdogo ambao amplifaya ya spika isingeujali, hapa husikika waziwazi.

Mara ya pili nilihamishia daiodi na kapasita kubwa kwenye sanduku la transfoma, nikabakiza rigyuleta (kifaa cha kushikilia volti zisibadilike) na kapasita ndogo karibu kabisa na saketi. Tangu hapo kebo hubeba DC (umeme wa mwelekeo mmoja) iliyokwisha kutulia, na upungufu mdogo wa volti njiani hausumbui, kwa kuwa rigyuleta huufuta maadamu volti zinazoifikia zinaitosha.

Sasa unene. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa karibu ohmu 0.02 kwa mita. Kebo ya mita moja na nusu, kwenda na kurudi, ina ohmu 0.06, priamplifaya inayotumia ampia 0.1 itapoteza volti 0.006, yaani si kitu. Kwa kazi yako, hata milimita 0.75 ya mraba inatosha, na fedha utakazotoa kununua kebo nene ya bei kubwa hutazisikia masikioni. Amplifaya ya spika ni jambo jingine: mkondo wa ampia 5 katika kebo hiyohiyo ya milimita 1 hupoteza volti 0.3, na hupoteza kwa kufuata muziki. Mimi nisingehamisha ugavi wake wa umeme bila sababu nzito. Ukinunua, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, yenye ukinzani mkubwa zaidi na ngumu kulehemu.

Chagua kebo ya kunyumbulika yenye nyaya nne zilizosokotwa pamoja, na wavu wa shaba juu yake: chanya, sifuri, hasi, na erthi ya kuunganisha mabati ya masanduku yote mawili. Wavu uunganishe na bati, wala usiutumie kamwe kuwa sifuri. Nimeona mafundi wakifanya hivyo ili kuokoa waya mmoja, na matokeo yake ni kwamba kelele zote ambazo wavu unazikamata huingia moja kwa moja kwenye njia ya muziki. Urefu nao usizidi haja. Nguvu ya sumaku ya transfoma hupungua kwa kasi: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane, hivyo nusu mita huleta nafuu kubwa, na mita moja na nusu ni nyingi.

Kuhusu viunganishi nitasema kwa msisitizo. Usitumie plagi ya ukutani wala ya aina inayotumika kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu siku moja mtu wa nyumbani ataichomeka pasipostahili. Upande wa ugavi weka tundu, si pini, ili kebo ikichomoka pasibaki chuma chenye umeme wazi. Fyuzi nazo zikae upande huohuo wa ugavi, maana zikikaa kwenye priamplifaya hazitailinda kebo inayogusana njiani.

Iwapo chombo chako ni cha valvu, volti zinaweza kuzidi 250, na hapo kebo iwe ya daraja la volti 300/500, na kila kapasita kubwa iwe na rezista ya kuimaliza chaji. Baada ya kuzima, pima kwa mita mpaka usome karibu na sifuri, ndipo uguse.