Barua kwa mwanangu: daktari wa akili wa mumeo

Mwanangu, salaam sana. Voisi yako nimeisikiza jana baada ya isha na leo asubuhi nikairudia, manake ulikuwa walia na maneno mengine sikuyashika. Nilichoelewa ni kwamba mumeo haendi tena kazini, halali, anajibizana na watu usiowaona, anasema jirani wa juu wanamrekodi kupitia tangi la maji, na daktari wa kliniki ya mtaani amekwambia hii yaonekana ni skizofrenia, tafuteni daktari wa akili. Nawe waniuliza mimi kwa vile ndie niliemuuguza mjomba wako tangu ujana wake: mama, daktari gani bora hapa Mombasa, na twaanzia wapi?

Haya. Jina sikupi kwanza. Utaambiwa bingwa yuko Nairobi, bingwa yuko India, mtachanga pesa mpande ndege mrudi na mfuko wa dawa, alafu dawa zikimkataa Alhamisi usiku utampigia nani? Huu si ugonjwa wa kupasuliwa ukaisha. Mtaenda nae huyo daktari mwaka baada ya mwaka, kwa hivyo mtafute ambae mtamfikia kwa matatu, ambae gharama yake mtaiweza hata mwezi mbaya, na ambae simu ikilia pale kwake kuna mtu anashika. Sifa zingine baadae.

Ntakwambia kwa nini nashikilia hiyo simu. Mjomba wako alipoanzishiwa haloperidoli, ile dawa ya zamani ya kutuliza sauti, zile siku za mwanzo, amekaa mezani na kikombe chake cha chai mara shingo ikaanza kupinda upande, macho yakapanda juu, akitaka kusema taya halifunguki vizuri. Bibi yako alipiga ukelele, jini huyo keshampanda! Nikapiga kliniki, nesi wala hakushtuka, akauliza dozi, akasema hiyo ni dawa imefanya misuli ikaze, mleteni sasa hivi. Akadungwa sindano na shingo ikarudi, tukapewa na Artane, vidonge vya kulegeza misuli, awe anameza. Lau simu ile haikushikwa dawa zote zingeishia baharini siku hiyo hiyo na hakuna mtu angemrudisha tena kwa daktari.

Sasa mahali. Nyinyi mko Likoni, na Port Reitz kule Changamwe ndiko kwenye kitengo cha magonjwa ya akili kinachohudumia Pwani nzima, na siku hizi na hiyo barabara ya Dongo Kundu hata feri hamuihitaji. Watu watacheka, ati kapelekwa Port Reitz, waache wacheke, hawalali nae wao. Pia iko Hospitali Kuu ya Pwani, ile sisi wazee twaiita Makadara. Piga kwanza uulize siku za kliniki ya akili, usiende tu ukakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri uambiwe urudi wiki ijayo. Ukitaka praiveti pia sawa, na mara nyingi daktari wa serikali ndie huyo huyo jioni yuko kwenye kliniki yake, uliza tu. Mambo ya pesa ulizia mapema SHA, hiyo bima ya afya ya serikali, inalipa nini na nini mtatoa mfukoni, manake tangu ile ya zamani, NHIF, iondoke Oktoba 2024 watu bado wanachanganyikiwa kaunta.

Na usichanganye watu. Daktari wa akili ni daktari kamili aliesomea udaktari kwanza alafu akabobea, anaandika dawa. Kaunsela na mwanasaikolojia haandiki dawa, kazi yake ni mazungumzo, na itafaa sana mbele kwa mbele, lakini sahizi mumeo na hizo sauti anahitaji dawa kwanza. Hospitali za serikali mtaonana pia na matabibu na manesi waliosomea akili, usiwadharau, wengine wamewaona wagonjwa hawa kuliko profesa. Daktari wa praiveti mtafute jina lake kwenye mtandao wa KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari, leseni yatolewa kila mwaka, ikiwa hayumo shika njia.

Siku ya kwanza nenda na daftari. Andika ilianza lini, ililetwa na nini kama kuna kitu, usingizi, kula, anachosema, dawa zote anazomeza, kwao kuna nani alieugua hivi au alie na kifafa, na muguka na bangi usifiche hata kidogo, zaweza kumleta mtu katika hali kama hiyo na daktari lazima ajue. Mwenye kazi yake atakuuliza mengi, atataka na damu ipimwe, tezi ya shingo, kaswende, virusi vya UKIMWI, kwa sababu kuna maradhi ya mwili yanayojifanya wazimu. Akiandika dawa kabla hujamaliza kukaa kitini, na mumeo hakuulizwa hata jina, huyo si wako.

Muulize pia dawa itafanya nini mwilini. Hizi mpya kama olanzapini hazikazi sana misuli lakini zanenepesha na zaweza kupandisha sukari, basi apimwe uzito na sukari kila mara. Akiwa anasahau kumeza au anatema kuna sindano za muda mrefu, Modecate ni moja, hudungwa kila baada ya wiki mbili mpaka nne. Na dawa mbili zikijaribiwa vizuri, kwa dozi na muda wake, na zote zishindwe, uliza kuhusu klozapini. Hiyo ina masharti, damu hupimwa kila wiki kwa wiki 18 za kwanza kwa kuwa yaweza kushusha chembe nyeupe za damu, lakini imewainua watu walioshindikana. Jambo moja tu usikubali, kuacha dawa kwa vile amepata nafuu. Hapo ndipo wengi hurudi chini, daktari ndie apunguze.

Wasema hataki kwenda. Usimdanganye mnaenda harusini, akigundua hatakuamini tena. Hizo habari za tangi usibishane nazo wala usizikubali, mwambie naona unavyohangaika na hulali, twende tukatafute usingizi. Hilo ni kweli na yeye mwenyewe analitaka. Lakini akisema sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au ukimsikia anataka kufa, hapo usingoje kliniki, mchukue na kaka zake mpeleke kasualti usiku huo huo, na visu na dawa toa pale nyumbani.

Mamamkwe wako anasema ni kijicho, na asomewe, anyweshwe kombe. Asomewe, si vibaya, kombe la zafarani halimdhuru. Shehe wetu mwenyewe alituambia Mtume amesema tafuteni dawa, akamsomea mjomba wako na akamuuliza kama amemeza vidonge. Mganga atakaesema acha za hospitali, au afungwe kamba, huyo mfungie mlango. Na usikubali kuambiwa ni wewe umemroga, wala ni malezi. Watoto uliowaulizia, ndio, kuna kurithi kidogo, mzazi mmoja akiwa nao huwa kama mtoto 1 kati ya 10, yani tisa hawaupati, sasa hilo lisikukoseshe usingizi na wewe.

Mjomba wako yuko Kongowea asubuhi hii anapanga viazi vya watu, anameza dawa zake, na bado ananigombeza chumvi ikizidi.

Jumanne nakuja na feri ya mapema nikae na watoto nyinyi muende. Kitambulisho chake kiweke mkobani leo, na ile karatasi ya kliniki ya mtaani, na kaka yake mmoja aje, usiende peke yako. Mamamkwe niachie mimi, ntamletea mahamri nimkalishe.

Mamako