Kwa nini timu huchukua fremuweki iliyozoeleka, na nini cha kukagua kwanza

Timu ya watu watatu mjini Unguja ikipewa mfumo wa kuhifadhi vyumba vya hoteli ya Paje, mara nyingi itachukua Laravel, fremuweki (kiunzi cha msimbo kilicho tayari, cha kujengea programu) ya lugha ya PHP, hata kama mmoja wao anaijua vizuri Phoenix, fremuweki ya lugha ya Elixir. Wapo wanaouita uamuzi huo uvivu. Sivyo. Mfumo wa hoteli hutumika miaka mingi, na aliyeuandika anaweza kupata kazi Dar es Salaam msimu ukiisha. Akishaondoka, nani ataufungua siku malipo yamekwama na wageni wamejaa mapokezi?

Phoenix ni bora kweli. Mwaka 2015 watengenezaji wake walionesha seva moja ikibeba miunganisho hai (inayobaki wazi kati ya kifaa na seva) milioni 2 kwa pamoja. Hoteli ya vyumba 30 haina mzigo huo. Inachohitaji ni maktaba ya malipo (msimbo wa kupokea malipo) iliyokwisha kuandikwa, fundi wa pili anayepatikana hapa hapa, na seva nafuu. Seva nyingi za kukodi kwa pamoja, zile zinazosimamiwa kwa paneli ya cPanel, huendesha PHP tangu siku ya kwanza. Phoenix kwa kawaida hutaka seva yako mwenyewe, na mtu wa kuisasisha na kutunza nakala za akiba.

Ila umaarufu peke yake hautoshi. AngularJS, fremuweki ya JavaScript ya kujengea kurasa, ilitoka 2010 ikaenea kila pahala. Msaada wake ukakoma mwisho wa 2021, na kuhamia Angular mpya kulimaanisha kuandika upya sehemu kubwa ya kazi. Kwa hiyo soma kwanza ratiba ya matoleo. Kila toleo la Laravel hupata marekebisho ya hitilafu kwa miezi 18 na ya usalama kwa miaka 2. Matoleo ya muda mrefu ya Django, fremuweki ya lugha ya Python, hupata ya usalama kwa miaka 3. Halafu tazama maktaba ya malipo unayoitegemea ilirekebishwa lini mara ya mwisho. Jaribio zuri kuliko yote: mpe kijana aliyemaliza SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), asiyeujua mradi, aongeze kisanduku kimoja kwenye fomu na kukihifadhi kwenye hifadhidata. Asubuhi nzima ikipita hajafika, timu yako itateseka.

Na mfumo ukiwa mzito, usikimbilie kuilaumu fremuweki. Kosa la kawaida kwenye Laravel ni ukurasa wa vyumba 40 unaouliza hifadhidata mara 41: mara moja kupata orodha, kisha mara moja kwa kila chumba kutafuta hoteli yake. Ukiandika `with('hotel')`, hoteli zote huletwa kwa swali moja, na maswali yanabaki 2. Weka pia `Model::preventLazyLoading()`, inayokataza maswali hayo ya moja moja, kwenye mazingira ya kutengenezea, ili kosa lijitokeze kabla mteja hajaliona. React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, nayo huzidi kilobaiti 40 hata ikibanwa, kabla hujaandika chako; kwa ukurasa wa picha na fomu, acha seva itoe HTML, mtu wa Micheweni, Pemba, mwenye mtandao dhaifu aweze kuufungua.

Phoenix ichukue pale kazi yenyewe ni miunganisho hai, mfano kufuatilia boti zikiwa safarini, na watu wawili kwenye timu wanaijua. Na fremuweki yoyote utakayochagua, andika kwenye mkataba nani atalipia kupandisha toleo kila mwaka.